Siku Zinazopotea: Historia ya Uvimbe wa Kinywa, Koo na Shingo

(Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Bukoba na Muleba. Maneno ya somo yamepigwa chapa ili wanafunzi wayasome darasani baada ya kuyasikiliza.)

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mtu ana daftari na kalamu yake. Wazee wangu mlio nyuma, sogeeni karibu na redio.

Leo somo letu ni la historia. Mara nyingi tukisema historia twafikiri habari za vita na wafalme. Leo mfalme mmoja atakuwamo, lakini habari yenyewe ni ya ugonjwa: saratani ya kinywa, ya koo na ya shingo. Wengine huuita ugonjwa huu kansa. Ni jina moja na jingine, ugonjwa ni ule ule.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni elimu, kwa hiyo sitawafundisha kutibu. Nataka tujifunze jambo moja tu, nalo ni hili: saratani ya sehemu hizi mara nyingi hutoa dalili mapema, mahali panapoonekana au kusikika. Si kama ugonjwa wa ini, uliojificha tumboni. Kidonda kiko kwenye ulimi, uvimbe uko shingoni, sauti imekauka na jirani anaisikia. Watu wengi hufa kwa sababu ya siku zinazopita tangu dalili ionekane mpaka mgonjwa afike mbele ya daktari bingwa.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: KUCHELEWA NYUMBANI. KUCHELEWA KITUONI. KUCHELEWA NJIANI. Tutayatazama moja moja.

KUCHELEWA NYUMBANI

Tuanze mbali, katika nchi ya Marekani. Kati ya mwaka 1861 na 1865 watu wa nchi ile walipigana wao kwa wao, na vita hivyo ndivyo vilivyomaliza utumwa kwao. Jemadari mkuu wa upande ulioshinda aliitwa Ulysses Grant. Baadaye akawa Rais tangu mwaka 1869 mpaka 1877. Alikuwa mtu asiyeogopa risasi. Tena alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara nene za majani ya tumbaku.

Mwezi wa Juni mwaka 1884 Grant alikuwa mezani nyumbani kwake. Aliuma tunda, akameza, akasikia maumivu makali kooni kana kwamba amechomwa. Baada ya muda daktari mmoja aliyekuwa mgeni pale alimtazama kooni akamshauri aende haraka kwa daktari wake mwenyewe. Daktari huyo alikuwa amesafiri Ulaya. Grant akasema basi, nitamngoja arudi. Akangoja Julai, Agosti, Septemba. Mwezi wa Oktoba ndipo alipotazamwa na bingwa wa koo. Ilikuwa saratani, nayo imekwisha kusambaa. Akafa tarehe 23 Julai mwaka 1885.

Ni kweli kwamba siku hizo dawa zilikuwa chache, na hakuna awezaye kusema kwa hakika kwamba angepona kama angekwenda mwezi wa Juni. Lakini tazameni jinsi alivyochelewa. Mabingwa walikuwa katika mji wa karibu. Aliona ni jambo la koo tu, litangoja.

Je, sisi hatufanyi hivyo? Mtu ana kidonda pembeni mwa ulimi. Mwezi wa kwanza anasema ni jino limemkwaruza. Mwezi wa pili anasukutua maji ya chumvi. Mwezi wa tatu jirani amemletea majani ya kuchemsha. Mwingine sauti yake imekauka tangu msimu wa senene, na sasa kahawa inachumwa, naye bado anasema ni mafua. Mwingine anakwenda kukatwa kimio, akidhani kimio ndicho kinachomziba koo. Tena pombe hutumika kama dawa: mtu akiumwa koo huambiwa anywe gongo kidogo ili ioshe. Ndugu zangu, pombe kali haioshi saratani. Tumbaku ya kuvuta, tumbaku ya kutafuna, ugoro na pombe ni miongoni mwa sababu kubwa za saratani ya kinywa na koo, na mtu anayetumia tumbaku pamoja na pombe yumo katika hatari zaidi kuliko anayetumia kimoja tu.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Maneno hayo yanafaa kuandikwa katika daftari.

KUCHELEWA KITUONI

Sasa twende Ujerumani. Hapa habari yetu inakaribia nyumbani, maana wazee wa Bukoba wanajua kwamba Wajerumani ndio waliojenga boma la kwanza mjini Bukoba, mwaka 1890, chini ya mtu aliyeitwa Emin Pasha. Mfalme wao mkuu wakati huo, yaani Kaisari, alikuwa Wilhelm wa Pili, kijana wa miaka 31. Je, kijana huyo alipataje kiti mapema hivyo? Alikipata kwa sababu ya saratani ya koo.

Baba yake aliitwa Friedrich. Mwezi wa Januari mwaka 1887 Friedrich, ambaye bado alikuwa mrithi wa kiti, alikauka sauti. Madaktari walimtibu kwa muda, sauti isirudi. Mwezi wa Mei madaktari wa Kijerumani walishuku saratani, wakatayarisha kumpasua. Kabla ya kupasua wakamwita bingwa kutoka London, jina lake Morell Mackenzie. Yeye akasema, tusipasue kabla ya kuwa na uhakika. Akakata kipande kidogo cha nyama kooni, kikapelekwa kwa Rudolf Virchow, mtaalamu mashuhuri wa kutazama nyama ya mwili kwa hadubini. Hadubini ni chombo cha kukuzia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Virchow hakuona saratani katika kipande kile, wala katika vipande vilivyofuata. Upasuaji ukaachwa.

Kumbe ugonjwa ulikuwamo. Mwezi wa Novemba uvimbe ulikuwa mkubwa, na hakuna aliyebisha tena. Februari 1888 ilibidi kumtoboa shingo ili apate kupumua. Tarehe 9 Machi baba yake alikufa, Friedrich akawa Kaisari, lakini Kaisari asiyeweza kusema. Alitoa amri zake kwa kuandika kwenye karatasi. Alitawala siku 99 tu, akafa tarehe 15 Juni 1888. Mwanawe Wilhelm akashika nchi, na jeshi la Wilhelm ndilo lililokuja kwetu.

Hapa mgonjwa hakukawia nyumbani. Alikwenda kwa madaktari mapema. Siku zilipotea mikononi mwa wataalamu. Twajifunza nini? Twajifunza kwamba kipimo kimoja kisichoonyesha kitu hakimalizi habari ikiwa dalili bado ipo. Mgonjwa arudi na kusema, bwana daktari, nilipimwa, nikaambiwa hakuna kitu, lakini sauti haijarudi.

Na hapa kwetu kuna jambo la namna hiyo hiyo. Si kila uvimbe wa shingo ni saratani. Kifua kikuu pia huvimbisha tezi za shingo. Virusi vya UKIMWI pia huvimbisha tezi, na watu wa Kagera wanakumbuka vizuri, maana wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walionekana mkoani mwetu mwaka 1983. Kwa hiyo mganga wa zahanati akiona uvimbe wa shingo hutoa dawa ya kwanza. Hilo si kosa. Kosa ni dawa ya kwanza kushindwa, kisha ikatolewa ya pili iliyo kama ile, na ya tatu, na miezi ikapita bila kipande kukatwa na kutazamwa kwa hadubini. Dawa ikishindwa, wakati wa rufaa umefika.

MTOTO WA KAMPALA

Sasa turudi katika ziwa letu. Habari hii ndiyo kubwa kuliko zote za leo, maana ilianza ng'ambo tu ya mpaka wetu, na dunia nzima ikajifunza kutoka hapo.

Mwaka 1957 katika hospitali ya Mulago, Kampala, palikuwa na daktari mpasuaji aliyeitwa Denis Burkitt, mtu wa Ireland aliyekuwa na jicho moja tu linaloona. Siku moja mwenzake, daktari Hugh Trowell, alimwita atazame mtoto mdogo wa kiume. Mtoto huyo alikuwa amevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakupata kuona jambo kama hilo. Kama ni jipu, mbona limetokea mahali panne kwa pamoja?

Majuma machache baadaye alikwenda Jinja kutembelea hospitali. Akiwa ndani alichungulia dirishani, akaona mtoto ameketi nje na mama yake, naye taya limevimba vile vile. Akatoka kwenda kumtazama. Alipompapasa tumbo alikuta uvimbe mwingine ndani. Ndipo akaanza kufikiri kwamba uvimbe wa taya na uvimbe wa tumbo ni ugonjwa mmoja. Watoto wale wawili wote walikufa. Lakini Burkitt alirudi Mulago akafungua madaftari ya hospitali, akakuta watoto wengine wengi walioandikwa kila mmoja kwa jina tofauti la ugonjwa. Mwaka 1958 akaandika habari hiyo katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Leo ugonjwa huo huitwa kwa jina lake, limfoma ya Burkitt.

Sikilizeni alichofanya baadaye. Alipiga chapa vikaratasi vyenye picha ya mtoto aliyevimba taya, akavituma katika hospitali nyingi za Afrika, pamoja na zile ndogo za misheni vijijini, akiuliza: Je, mmeona ugonjwa huu? Majibu yakaja, akayachora katika ramani. Mwezi wa Oktoba mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, alipanda gari kuukuu pamoja na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Wakasafiri kutoka Kampala mpaka Afrika ya Kusini, wakipita Tanganyika. Walikwenda karibu maili 10,000, yaani kilomita 16,000, wakiuliza katika hospitali zaidi ya 50.

Ramani ilionyesha nini? Ugonjwa ulikuwa mwingi penye joto na mvua. Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, penye baridi, kupita kama mita 1,500, ulikuwa haba sana. Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepigwa vita kwa nguvu, nako ulikuwa nadra. Basi wataalamu wakaanza kushuku malaria.

Wakati huo huo kijana mmoja wa London, daktari Anthony Epstein, alikuwa amemsikia Burkitt akitoa hotuba, mwezi wa Machi mwaka 1961. Akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kutoka Kampala kwa ndege. Siku moja ya ukungu, mwishoni mwa mwaka 1963, ndege iliyochukua kipande ilishindwa kutua London ikatua Manchester. Kipande kikachelewa, na maji yake yakawa na ukungu kama yameharibika. Epstein hakuyamwaga. Aliyatazama akaona chembe hai zinaelea ndani. Mwaka 1964 yeye na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, waliona ndani ya chembe hizo kirusi kipya. Hicho ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kuwa kinahusika na saratani ya binadamu.

Leo twajua kwamba kirusi hicho huenea kwa mate, na karibu kila mtoto wa kwetu hukipata bila kudhurika. Lakini mtoto anayepigwa na malaria mara kwa mara, kinga ya mwili wake huchoka, na mara chache saratani hii huzaliwa. Saratani yenyewe haiambukizi. Usiogope kumbeba mtoto huyo wala kula naye sahani moja.

Kwa hiyo chandarua si kinga ya homa tu. Nanyi wa Muleba mna fungu katika habari hii. Katika utafiti uliofanyika vijijini mwenu kuanzia mwaka 2015, chandarua cha namna mpya, chenye dawa ya kuvunja ukaidi wa mbu, kilipimwa pamoja na kile cha zamani. Watoto waliolala katika kile kipya walipata malaria kwa uchache zaidi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likashauri chandarua hicho kitumike mahali mbu walipozoea dawa ya zamani.

Tiba je? Burkitt na wenzake hawakuwa na mashine ya mionzi pale Mulago. Walijaribu dawa za sindano na za vidonge. Wakaona ajabu: taya lililovimba likanywea kwa siku chache, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Dawa mojawapo ya siku zile, siklofosfamaidi, yatumika hata leo. Mtoto akifika mapema, tumaini la kupona ni kubwa.

Lakini saratani hii hukua upesi kuliko karibu zote. Tufanye hesabu. Tuseme uvimbe waongezeka mara mbili kila siku 3. Baada ya siku 3 umekuwa mara 2. Baada ya siku 6, mara 4. Siku 9, mara 8. Siku 12, mara 16. Andikeni hesabu hiyo. Mama anayesema, nitampeleka mnada ukipita wiki ijayo, aitazame kwanza.

Na dalili ya kwanza ni ndogo. Mara nyingi ni meno ya nyuma kulegea. Mtoto wa miaka 5 au 6 hubadilisha meno ya mbele. Magego yake huwa bado imara, mpaka afike kama miaka 9 au zaidi. Basi gego la mtoto wa miaka 5 likilegea, na ufizi umevimba, usiling'oe nyumbani, wala usimpeleke kwa mtu wa kung'oa meno ya nailoni. Mpeleke hospitali siku ile ile.

KUCHELEWA NJIANI

Sasa neno la tatu. Tuseme mgonjwa hakuchelewa nyumbani, na mganga amemwandikia rufaa. Bado kuna njia.

Zamani, wakati nchi zetu tatu zilipokuwa na shirika moja la reli na bandari, meli zilizunguka ziwa lote: Bukoba, Mwanza, Kisumu na bandari ya Kampala. Kampala na hospitali yake ya Mulago haikuwa mbali nasi. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka, daraja la Kyaka likavunjwa, vita vikaendelea mpaka 1979. Njia ya kaskazini ikafungwa. Mkoa wetu uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera.

Basi mgonjwa wa Bukoba akageukia kusini, Mwanza, ambako hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima. Kwa mionzi ilibidi aende mbali zaidi, mpaka Dar es Salaam, kwenye hospitali ya Ocean Road iliyojengwa na Wajerumani kabla ya mwaka 1900. Matibabu ya saratani kwa mionzi yalianza pale mwaka 1980, na mwaka 1996 ikawa Taasisi ya Saratani kwa sheria ya Bunge. Kwa miaka mingi mtu wa Karagwe na mtu wa Lindi walikutana katika foleni moja pale. Miaka ya karibuni mionzi imeanza kutolewa Bugando pia, na hiyo imewapunguzia watu wa kanda ya ziwa safari ndefu sana.

Njia ya Mwanza nayo ilikuwa na machozi yake. Tarehe 21 Mei mwaka 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa watu wengi mno, wanaokadiriwa kupita 800. Watu wengi wakaogopa maji. Kwa barabara, abiria alifika Busisi akangoja kivuko, mchana au usiku. Mwezi wa Juni mwaka 2025 daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa karibu kilomita 3, lilifunguliwa. Mgonjwa sasa huvuka bila kungoja kivuko.

Njia imefupishwa, lakini haikumalizwa. Tufikirie mfano. Mvuvi mmoja wa kisiwa cha Goziba ana kidonda chini ya ulimi. Akikaa nyumbani miezi 3, akapewa dawa za kubahatisha mwezi 1, kisha akangoja kahawa ya nduguye iuzwe ili apate nauli mwezi 1, na boti na nafasi ya kitanda mwezi 1 tena, anafika kwa bingwa baada ya miezi 6. Kidonda kilichokuwa kama punje ya maharage sasa kimekula ulimi na kushuka shingoni. Mvuvi mwingine, wa kisiwa kile kile, anangoja wiki 3 tu, anapata rufaa wiki ya 4, anasafiri wiki ya 5. Ugonjwa ni mmoja, dawa ni zile zile. Wa kwanza hutibiwa kwa kazi nzito na tumaini dogo. Wa pili huenda akapasuliwa mara moja akarudi kutega nyavu.

Nchi nyingine nazo zilipambana na siku hizi. Mwaka 2000 Uingereza iliweka kanuni: mgonjwa anayeshukiwa saratani aonwe na bingwa ndani ya wiki 2 tangu daktari wake aandike barua. Mwaka 2023 huko England kanuni ikageuzwa: mgonjwa aambiwe ndani ya siku 28 kama anayo saratani au hana. Sisi hatuna hospitali nyingi kama wao, lakini kuhesabu siku hakuhitaji mashine.

TUFANYE NINI?

Ndugu zangu, mwaka 1973 wazazi wetu walikusanyika kuzunguka redio kama mlivyokusanyika leo, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Waliposikia habari za mbu, maji na vyoo, hawakuishia kusikia. Walichukua majembe wakafukia madimbwi na kuchimba vyoo. Nasi tusiishie kusikia.

Kwanza, jueni dalili. Kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki 3. Doa jeupe au jekundu kinywani lisiloondoka. Uvimbe wa shingo usiopungua. Sauti iliyokauka zaidi ya wiki 3. Chakula kukwama au kuuma kila ukimeza. Damu au kuziba kwa pua upande mmoja bila kukoma. Jino la mtu mzima kulegea bila sababu. Vidonda vingi vya kinywa hupona ndani ya wiki 2, na dalili hizi mara nyingi zina sababu nyingine. Lakini zikipita wiki 3, nenda. Mtoto mwenye taya lililovimba asingoje hata wiki. Na mtu yeyote anayekoroma kwa shida ya kupumua, au asiyeweza kumeza mate yake, apelekwe siku hiyo hiyo, hata usiku.

Pili, hesabu siku. Wewe sasa wajua kuandika. Siku ukiona kidonda, andika tarehe nyuma ya daftari au ukutani kwa mkaa. Ukifika zahanati usiseme, kiko muda mrefu. Sema, kilianza tarehe fulani, nimetumia dawa fulani kwa siku kadhaa. Neno hilo humsaidia mganga kuliko maelezo marefu.

Tatu, uliza kwa heshima habari ya rufaa. Muleba mna hospitali za Rubya, Ndolage na Kagondo. Bukoba kuna hospitali ya rufaa ya mkoa. Sema, bwana mganga, au mama mganga, dawa hii ikishindwa niende wapi, na lini? Ukipewa barua, isome. Tazama kama imeandikwa dalili ilianza lini, dawa ulizotumia, na kama wavuta tumbaku. Uliza siku ya kliniki ya pua, masikio na koo. Ukikatwa kipande, uliza majibu yatatoka lini, na namba ya simu yako iandikwe. Majibu yasipokuja siku hiyo, rudi uulize.

Nne, jamaa wasaidiane. Nauli ikikosekana, ndugu na majirani wachange leo kwa matibabu, wasingoje kuchangia sanduku. Ukifika hospitali huna kitu, uliza ofisi ya ustawi wa jamii.

Tena tusimcheke mtu aliyekauka sauti au aliyevimba shavu, wala tusiseme amerogwa. Aibu humfungia mtu ndani, na ndani ndiko siku zinakopotea.

Leo usiku, mkiisha kula, mmoja ashike taa au tochi, mwingine afungue kinywa. Tazameni ulimi juu na chini, mashavu kwa ndani, fizi na kaakaa. Papaseni shingo. Ni kazi ya dakika 2, na mke aweza kumfanyia mume, na mjukuu aweza kumfanyia babu.

Tumefika mwisho wa somo. Mwalimu atawasomea maneno na maswali. Kwaherini, ndugu zangu.

MANENO YA KUJIFUNZA

Rufaa: kumpeleka mgonjwa kwenye hospitali kubwa zaidi kwa barua.
Bingwa: daktari aliyesomea sehemu moja ya mwili au ugonjwa wa namna moja.
Kaakaa: paa la kinywa.
Kimio: kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya kinywa.
Mionzi: nguvu itokayo katika mashine, ya kuua chembe za saratani.

MASWALI

1. Grant alisikia maumivu mwezi wa Juni, akaonwa na bingwa mwezi wa Oktoba. Ni miezi mingapi ilipita?
2. Kwa nini Friedrich hakupasuliwa mwaka 1887? Mgonjwa afanye nini kipimo kisipoonyesha kitu na dalili bado ipo?
3. Uvimbe unaoongezeka mara mbili kila siku 3 utakuwa mara ngapi baada ya siku 15?
4. Chandarua kinahusianaje na uvimbe wa taya la mtoto?
5. Katika kijiji chenu, kuchelewa kukubwa ni kupi: nyumbani, kituoni au njiani? Zungumzeni darasani, kisha kila mtu aandike mistari mitatu.